Sehemu ya Arobaini na Moja

Vahida aliandika sehemu arobaini, kompyuta ikasoma arobaini na moja.

Alihesabu upya, kidole kikipita juu ya kioo. Ofisi yao ndogo mjini Tuzla ilitengeneza programu ya simu kwa watu walioondolewa kikoromeo kwa sababu ya saratani: mgonjwa anaandika, simu inamsemea kwa sauti yake mwenyewe, iliyorekodiwa kabla ya upasuaji. Wiki ile Vahida alikuwa akibadilisha zana za kuundia programu hiyo, akiielekeza kompyuta ichukue sehemu zipi, izipange vipi, izifunge pamoja ziingie kwenye simu. Mipangilio yote ilikuwa kazi ya mkono wake. Ile moja ya ziada haikuwa na jina.

"Rusmir, hebu njoo. Kuna kitu hapa sijakiandika mimi."

Mwenzake alikuja na kikombe cha kahawa. "Mashine hiyo ina miaka tisa, dada. Kwa umri wa kompyuta ni kikongwe. Iache ijisemee."

"Inaniuliza kama niruhusu sehemu isiyo na mwenyewe."

"Si uruhusu! Watu mia tatu hawana sauti tangu Jumatatu, toleo la zamani limegoma. Mama yako si mmojawao?"

Alikuwa mmojawao. Bi Hajra alikuwa amekaa siku tano bila kusema neno. Vahida akabonyeza ndiyo.

Kompyuta ilimaliza kabla hajaondoa kidole. Kazi ya dakika ishirini. Kukatoka harufu ya sufi inayoungua, na Rusmir akaenda kufungua dirisha, akakuta moshi wa makaa umelala juu ya mji kama kawaida ya Januari, akalifunga tena.

Jioni ile, toleo likiwa limeshaingia kwenye simu za wagonjwa, Bi Hajra aliandika, "Umekula?" Simu ikauliza, "Umekula?" kwa ile sauti yake tamu ya zamani. Kisha ikaongeza, "Umekonda, mwanangu. Unatuhangaikia sana."

"Hayo umeyaandika saa ngapi, mama?"

Mama alitikisa kichwa. Alikuwa anatabasamu.

Asubuhi Vahida aliifuta ile sehemu. Ikarudi. Aliifuta tena, akaondoa zana zote na kuziweka upya moja moja, na kila alipofika mwisho, ofisini mchana kweupe, Rusmir akiwa ametoka kwenda kununua mikate, alisikia kutoka ndani ya lile boksi la chuma pumzi ya mtu, nzito, yenye majimaji, ikivutwa polepole na kushushwa polepole, kama ya mgonjwa anayejifunza kupumulia tundu la shingoni, na alipozuia pumzi yake ili asikilize vizuri, nayo ikajizuia, ikangoja, hadi yeye alipolazimika kupumua ndipo ikapumua pamoja naye.

Ndipo akamleta Bi Ševala, mwanamke wa mtaani kwao anayewatoa watu hofu kwa kuyeyusha madini ya risasi. Rusmir hakucheka. Bibi alifunika kompyuta kwa kitambaa chekundu, akasema Bismillah, akamimina risasi kwenye bakuli la maji. Maji yalipiga kelele. Risasi iliganda ikafanana na mdomo uliofumbuka.

"Jini," alinong'ona. "Hakuvunja mlango huyu. Aliuliza, na mtu akamwambia ndiyo."

"Ni mimi, bibi."

"Basi mkatalie kwa ulimi wako."

Vahida alikataa mara tatu. Harufu ya sufi ikakatika. Kompyuta ikaanza kazi, ikatumia dakika ishirini nzima, ikasoma arobaini. Rusmir alikaa sakafuni akalia.

"Humu katoka," alisema Bi Ševala akikunja kitambaa. "Kwenye simu, kila mwenye simu atamkatalia wake. Hapo mimi sina mkono."

Walituma toleo jipya mchana uleule. Ilihitaji mgonjwa abonyeze kulikubali tu, na lile lenye jini lifutike. Siku ya tatu Rusmir alifungua orodha, akamgeuzia Vahida kioo. Kati ya watu mia tatu, aliyekubali hakuwepo hata mmoja.

Vahida alikimbia nyumbani. Bi Hajra alikuwa kitini karibu na jiko, mashavu yamebonyea, chakula cha jana hakijaguswa. Vahida alimpigia magoti.

"Mama, nakusihi. Bonyeza hapa tu. Huyo si wewe."

Mama alichukua kalamu, akaandika ukingoni mwa gazeti: *Usimtoe. Tangu nipasuliwe, hakuna anayengoja nimalize kuandika. Yeye hungoja.*

"Nitangoja mimi! Mama, niambie lolote, nakaa hapa hapa, nangoja."

Kalamu ilianguka. Vidole vya Bi Hajra vililala mapajani, macho yakawa yanatazama ukuta. Simu iling'aa pale mezani, hakuna aliyeigusa.

"Mama yako amechoka," ilisema, taratibu, kwa sauti ileile iliyombembeleza utotoni. "Niambie mimi."