Kitabu Hakina Pindo

Chwaa. Kimya. Chwaa tena.

Jogoo alikuwa bado hajawika. Mama alifungua jicho moja. "Panya wamerudi," alinong'ona. Alichukua rula yake ya mbao, ile ya kupimia vitambaa, akanyata hadi chumba cha kushonea.

Hakukuta panya. Alimkuta Kasuku, binti yake wa darasa la tatu, amechuchumaa kando ya cherehani. Waliompa jina hilo walijua mdomo wake haupumziki. Alfajiri hiyo ulikuwa umefungwa. Mkononi alishika kitabu kipya, naye alikuwa akichana kurasa za katikati, moja moja.

"We mtoto! Una wazimu?"

Kasuku aliruka. "Nakipunguza, mama."

"Unapunguza nini?"

"Ulisema sichezi mpaka nikimalize. Hakiishi!"

Mama alipandwa na hasira. Rula ilikwenda juu. Ikabaki huko huko juu, maana hakuwa amewahi kumpiga mtoto huyu, na sasa pia hakuweza. Aliitupa mezani.

"Nakanyaga cherehani usiku na mchana, wewe unachana kitabu! Mvivu mkubwa!"

"Mimi si mvivu!" Kasuku naye alifoka, machozi yakimtiririka. "Kitabu chenyewe kibaya! Sisomi tena. Sisomi kitabu chochote mpaka nife!"

Siku nzima hawakusemeshana. Cherehani ilinguruma, uzi ukakatika kila mara. Hata hivyo, mama alimwekea Kasuku chakula chake na kukifunika vizuri, nzi wasikiguse. Kasuku naye aliokota sindano zilizoanguka sakafuni, zisije zikamchoma mama mguu. Kila mmoja aliona, na kila mmoja alinuna.

Jioni alikuja mteja kujaribu gauni lake. Alikuwa mkutubi, yaani mtunza vitabu wa maktaba ya mtaa. Aliona karatasi zimetapakaa.

"Kulikoni, fundi?"

"Muulize huyo hapo!"

Mkutubi hakumuuliza. Aliinama, akaokota kurasa, akazinyoosha juu ya goti lake. "Hiki ni cha darasa la tano," alisema. "Kasuku si yuko la tatu?"

"Nilikinunua makusudi. Sare yake naishona kubwa, nakunja pindo, anakua ndani yake. Na kitabu vivyo hivyo."

"Pindo unalikunja ili mtoto asijikwae. Kitabu utakikunja wapi, fundi?"

Mama alisimama. "Umekuja kujaribu gauni au kunifundisha kulea?"

"Usinifokee, nami nina hasira zangu! Kila siku naletewa watoto wanaoitwa wavivu, kumbe wanajikwaa tu. Inaniudhi!" Kisha sauti yake ikalainika. "Kasuku, mwanangu, njoo. Soma ukurasa huu kwa sauti. Kila neno likikushinda, nyoosha kidole kimoja."

"Utanicheka?"

"Nikikucheka, mama yako anishone mdomo."

Kasuku alicheka kidogo, akaanza kusoma. Kidole kimoja. Cha pili. Ukurasa haujafika nusu, mkono wote ulikuwa wazi.

Mama aliutazama mkono ule mdogo. Hasira yake haikuisha. Ilimgeukia yeye mwenyewe.

"Vidole vitano kwa ukurasa mmoja, kitabu ni kizito mno," mkutubi alieleza. "Kiweke kando, au msomee wewe. Viwili au vitatu, kinamfaa. Anapata maneno mapya na hadithi haimpotei. Asiponyoosha hata kimoja, ni chepesi, akisome kwa raha zake. Akimaliza ukurasa, mwambie akusimulie. Akishindwa kusimulia, bado ni kizito."

"Mbona kwenye jalada wanaandika darasa?"

"Wewe unakata nguo kwa darasa?"

"Nani anakata nguo kwa darasa? Nampima mtoto! Darasa moja, mabega hayalingani hata..." Mama aligeuka, akakitazama kile kitabu.

"Na kusoma hakulingani. Darasa la kwenye jalada ni pa kuanzia tu. Halafu umpime tena kila baada ya muda, maana anakua."

"Majirani watasema nini? Mwanangu anasoma vitabu vya wadogo!"

"Watasema anasoma."

Mama alifuta jicho kwa ncha ya kitambaa. "Kasuku, nisamehe kukuita mvivu."

"Nami nisamehe, mama. Nitazibandika kurasa."

Jumamosi walikwenda maktaba. Kasuku alikataa kitabu kimoja, akakataa cha pili. Cha tatu kilimtoa vidole viwili tu. Kilihusu muuza sukari anayepunja watu. Hakukiachia mpaka nyumbani.

Mkutubi alipofuata gauni lake, alikuta cherehani imenyamaza. Kitabu kikubwa kilikuwa rafuni, kurasa zimebandikwa, kinamsubiri mwenyewe akue. Kasuku alikuwa chini ya meza ya kukatia, anasoma kwa sauti. Alinyoosha kidole kimoja, mama akamsaidia neno, akaendelea.

"Mshenzi huyo!" mama alifoka. "Anampunja mpaka mjane? Angekuja hapa ningemchoma sindano!"

"Ngoja, mama! Ameficha jiwe chini ya mizani!"

Mkutubi aliketi akasikiliza, gauni begani, mpaka jua likazama. Alipoinuka, mama alimkasirikia.

"Unakwenda wapi? Hajakamatwa bado!"

Kasuku alichukua kipande cha uzi mwekundu, akakilaza katikati ya kitabu, akakifunga.

"Njoo tena kesho, shangazi," alisema. "Sitasoma mbele mpaka uje."