Kengele Chini ya Mitungi ya Kimchi

Jioni ile nilitumwa kitu kidogo tu: nipeleke uji wa mchele hospitali. Mdogo wangu Haerin alikuwa ameshazimia sokoni, jikoni, hata kanisani. Sasa madaktari walitaka azimie mbele yao wajue kwa nini.

Mama alinipokea mlangoni. "Umechelewa, kama kawaida yako."

Nimezoea. Kwa mama, mtoto ni Haerin. Mimi ni wa kubeba vyombo.

Walimfunga mikanda kitandani, wakambandika nyaya kifuani, kisha wakakiinua kitanda taratibu mpaka akawa kama amesimama. Daktari Pyo akasema tusubiri. Mashine ya mapigo ikawa inalia. Ti... ti... ti...

Halafu nikasikia kengele.

Kengele ya shaba, na harufu ya ubani. Bibi yetu alikuwa mganga wa kupandisha mizimu. Alipokufa, mama aliizika kengele yake uani, chini ya mitungi ya kimchi, kabichi yetu ya kuchachushwa, asije mmoja wetu akairithi. Lakini kwetu mzimu ukikataliwa na mtu, huhamia kwa ndugu yake. Mama alilijua hilo vizuri sana.

Mashine ikanyamaza.

Kichwa cha Haerin kikaanguka. Midomo yake ikatoa sauti ya kikongwe. "Huyu mnaninyima. Haya, mtanipa nani?"

Daktari akaamuru kitanda kishushwe. Katika hekaheka ile, mama aliinama sikioni kwa Haerin. Alidhani niko mbali.

"Mchukue mkubwa," alinong'ona. "Geumsun. Yule hana mume wala mtoto."

Ti... ti... ti...

Daktari alisema moyo ulikuwa unasimama, wakamwekea kifaa cha kuuamsha. Tangu siku ile Haerin hajazimia tena. Ameolewa, ananenepa. Mama husema ni kifaa kilichomponya, tena husema haraka haraka.

Sasa anayezimia ni mimi, na leo nimefungwa mimi, mikanda ile ile. Moyo wangu hauna kasoro, na Daktari Pyo anakuna kichwa tu. Mama ameniletea uji, mara ya kwanza tangu niwe mtu mzima. Hanitazami machoni.

"Mama," nikamwambia polepole, "nilikusikia siku ile."

Akafunika bakuli vizuri. "Utakula ukitoka."

Kitanda kinainuka. Ubani umejaa chumbani, kengele inalia karibu mno... Nimetazama chini. Vidole vyangu vimejaa udongo unaonuka kimchi.