Barua Ndani ya Flopi

Kila mapumziko, wenzake walipokimbilia uwanjani, Kimya alielekea chumba cha kompyuta. Jina hilo alibandikwa wiki ya kwanza alipohamia shuleni hapo, naye hakupata hata mtu wa kumwambia kwamba halipendi. Chumbani mlikuwa na kompyuta nane kuukuu zilizounganishwa kwa nyaya. Ukiandika ujumbe kwenye moja, unatokea kwenye nyingine. Kimya alikaa namba nane, pembeni kabisa. Hakuna aliyewahi kumwandikia.

Jumatatu alimkuta fundi wa shule ameinamia kabati, jasho linamtiririka. Watoto walimwita Mjomba Waya, kwa sababu mifuko yake haikukosa waya.

"Virusi vimeingia, ikabidi nifute mashine zote," alisema. "Sasa naitafuta flopi, ile diski bapa ya zamani, yenye programu ya mtandao. Bila hiyo hizi haziongei. Kwenye intaneti nimesaka mpaka macho yananiuma, lakini programu ya zamani namna hii haipo tena. Mwalimu mkuu kasema isipopatikana kufikia Ijumaa, zote zinakwenda kwenye vyuma chakavu. Hujaiona, mwanangu?"

"Sijaiona, Mjomba."

Uongo mtupu. Flopi ilikuwa kwenye begi lake. Mwezi uliopita aliichukua kwenye droo bila ruhusa, akaifuta, akahifadhi humo barua za kumwandikia dada yake aliyebaki kule walikotoka. Zilifika kumi na moja. Hakutuma hata moja, maana hakutaka dada ajue jinsi alivyo mpweke.

Jumanne fundi alipekua ofisi nzima. Jumatano akamwaga masanduku yote ya karatasi sakafuni. Alhamisi Kimya alimkuta amepiga magoti, anamulika tochi chini ya kabati, akaona aibu hadi akatamani ardhi ipasuke immeze. Na chumba hiki kikifungwa, mapumziko atakaa wapi?

"Mjomba, usitafute tena," alisema huku machozi yakimlengalenga. "Ninayo mimi. Niliifuta nikaweka barua ninazomwandikia dada yangu. Niliogopa kusema."

Akaitoa flopi begini, fundi akaipokea.

"Siku nne nazunguka kama kuku anayetaka kutaga!" alisema. Kisha akainuka ghafla. "Hebu ngoja. Ile kompyuta mbovu ya stoo, iliyobebeshwa makopo ya rangi, sikuifuta. Huenda programu imo bado!"

Waliipangusa vumbi, wakachomoa diski yake, wakaipachika kwenye namba moja. Programu ilikuwemo, wakainakili kwenye mashine moja baada ya nyingine. Ijumaa asubuhi mashine zote nane zilikuwa zinaongea.

"Mimi nami nilikosea, nilifuta kabla ya kuweka nakala," fundi alimwambia. "Wewe kufuta flopi ni kosa, lakini kulificha ndiko kulikotupotezea siku nne. Ungesema Jumatatu, Jumatatu hiyohiyo tungefungua ile ya stoo. Kosa liseme mapema, mwanangu, watu wakusaidie kulitengeneza. Na barua hizi mtumie dada yako."

Mapumziko yalipofika, msichana mmoja wa darasa lao aliingia kuona kama mashine kweli zimepona, akakaa namba tatu. Muda mfupi baadaye maneno yakatokea mbele ya Kimya: "Nani yupo namba nane?"

Hakuandika Kimya. Aliandika jina lake.