Kilio Bila Msiba

Jumamosi hiyo ilianza kama Sabato zote za Nyansiongo. Ng'ombe walikamuliwa mapema, viatu vikapakwa rangi, na Jemimah akasimama mlangoni na Biblia yake kumsubiri bintiye.

"Mama, kichwa kinaniuma," Gesare akasema, blanketi hadi shingoni.

"Basi baki na mdogo wako, bado anakohoa. Na hiyo simu uiweke, leo ni Sabato."

Kichwa chenyewe hakikuwa na lolote. Gesare, msichana wa miaka kumi na sita, alikuwa na ugonjwa mwingine, na dawa yake aliishika kiganjani. Mwezi uliopita, walipomzika nyanya yake kando ya migomba, alijirekodi akilia kaburini. Watu elfu arobaini wakaitazama video ile. Tangu hapo aliimba, akacheza, akajipodoa, wapi! Hata mia hawakufika. Alikuwa hali, halali. Watu walitaka machozi, naye akaamua kuwapa.

Alijua ni mwiko. Nyanya mwenyewe aliwakanya wajukuu kila walipoigiza matanga: matanga yakiisha, kilio huachwa hapo. Anayelia tena bila maiti, alisema, huwa anaagiza nyingine.

Basi akamwacha Celestine, mdogo wake wa miaka sita, akichora sebuleni. Akajifunga leso kiunoni, akajipaka kitunguu machoni, akaegemeza simu kwenye mgomba. Akaomboleza kama wanawake wa kwao, akimwita marehemu.

"Magokoro! Nyanya yangu! Umeniachia nani?"

Akaiweka video mtandaoni bila hata kuitazama.

Kabla hajafika mlangoni, watazamaji walikuwa elfu mbili. Akacheka peke yake. Kisha akaanza kusoma pole za watu.

"Pole sana dada. Malaika mdogo apumzike."

"Miaka sita tu? Inauma."

Gesare akasimama. Nani amesema miaka sita? Akaifungua video. Leso ni ile. Machozi ni yale. Ila mdomo wake, mdomo wake mwenyewe, haukuwa unamwita nyanya.

"Celestine! Mdogo wangu Celestine! Umeniachia nani?"

Alikimbia ndani. Mtoto alikuwa amelala sakafuni, kalamu bado mkononi. Miguu yake ilikuwa baridi.

"Gesare," akanong'ona, "nani ananifunika udongo?"

Elfu tisa. Gesare akabonyeza kufuta. Haikufutika. Akabonyeza tena. Elfu kumi na mbili. Kila pole ilipoingia, mtoto alivuta pumzi kwa shida zaidi.

Na hapo, Mungu amsamehe, Gesare alisita. Elfu ishirini. Hajawahi kuonwa na watu wengi hivyo tangu azaliwe. Alitazama ile namba ikipanda, akatazama tena.

Kalamu ikaanguka.

Ndipo akatoka mbio, akaitupa simu ndani ya choo cha shimo. Aliisikia ikitumbukia. Aliporudi, Celestine alikuwa ameketi, akikohoa, akiomba chai. Gesare akamkumbatia, akalia kilio cha kweli.

Jemimah aliporudi kutoka kanisani aliwakuta bado wameshikana. Hakuuliza kuhusu simu. Aliuliza jambo moja tu.

"Nani amepima pale kwa kaburi?"

Wakaenda wote. Kando ya kaburi la nyanya vilisimama vigingi vinne vibichi, vimefungwa kamba, kama wachimbaji wanavyofanya kabla ya kushika majembe. Nafasi yenyewe ilikuwa ndogo. Kabla mtu hajamzuia, Celestine akaruka kamba, akajilaza katikati akicheka. Kichwa kiligusa kamba ya juu, nyayo zikagusa ya chini.

Jemimah aliving'oa akavichoma siku hiyohiyo. Sasa ni miaka mitatu. Vimerudi mara nyingi, daima Sabato watu wakiwa kanisani, na hakuna aliyewahi kumwona anayevipigilia. Gesare hashiki simu tena, hata ya kuazima. Celestine ana miaka tisa, na amerefuka sana mwaka huu.

Vigingi navyo vimesogezwa.