Maji Aliyomwaga Mama Usafi

Majirani walimwita Mama Usafi, naye hakukasirika. Vyombo vyake vilioshwa kabla ya kupika na baada ya kula. Mumewe alizoea kumtania kwamba iko siku ataosha hata sabuni.

Siku hizi utani ulikuwa umepungua. Maji ya chumvi yaliingia shambani mwao, mahindi yakafa yote. Ikabaki mimea mifupi ya majani manene, ile isiyojali chumvi. Kaka wa mumewe, aliyeishi mji wa mbali, alikuwa amemtafutia mdogo wake huyo kazi ya ulinzi huko. Mume angeondoka mwisho wa mwezi, na hakuna aliyejua angerudi lini.

Tumaini lilikuwa moja tu. Maabara fulani ilitaka kununua mimea ile. Mama Usafi akapeleka gunia la kwanza, likakataliwa. La pili nalo likakataliwa. Ndipo mtaalamu wa maabara, binti mmoja mpole, akafunga safari kuja kujionea.

"Mama, hebu nionyeshe unavyoiandaa, tangu mwanzo."

Mama Usafi akaonyesha kwa fahari. Aliosha majani, akayachemsha ili chumvi itoke, akamwaga maji, kisha akayaanika majani juani.

Binti akashika kichwa. "Mama yangu, tunachokitafuta ndicho unachokimwaga."

Akamweleza taratibu, yeye na mumewe. Ndani ya majani yale mna sukari zilizoungana kama shanga kwenye uzi. Maji ya moto ndiyo huzitoa. Hata maabara huchemsha, ila wao hutunza maji na kutupa majani.

Mume akauliza kama zinafaa kwenye chai.

"Si tamu, baba. Kazi yake ni nyingine. Tunda ukilikata, hewa hulibadilisha rangi. Mafuta yakikaa sana, huchacha. Sukari hizi huchelewesha uharibifu wa namna hiyo."

Aliwaonya pia wasiziite dawa. Bado zinapimwa, na mtu asinywe maji ya majani hayo akidhani atapona maradhi.

Kisha akawafundisha. Majani yasuuzwe haraka kwa maji baridi, matope tu yatoke. Yaanikwe kivulini penye hewa mpaka yavunjike mkononi. Kuhusu chumvi, wawaachie watu wa maabara. Wao wana njia ya kuitoa.

Kwa Mama Usafi haikuwa kazi rahisi. Mara mbili alijikuta ameshabandika sufuria, akaiepua huku akijicheka. Lakini alishika alichofundishwa.

Gunia la tatu walilipeleka wenyewe, mke na mume. Binti alisaga majani kidogo, akayachemsha, akachuja. Akayarudisha maji motoni; yalipopungua na kupoa, akayamiminia spiriti. Nyuzi nyeupe zikaanza kujitokeza, zikazama polepole. Alisema hiyo ni dalili njema kwamba sukari zimo, ila wasubiri vipimo.

Baada ya wiki moja alipiga simu. Mzigo umefaa, na wangeuhitaji kila msimu.

Mama Usafi alikaa chini kwanza. "Mwanangu, ungeweza kutukataa ukanyamaza. Umekuja mpaka jikoni kwangu kunielekeza. Asante. Sina neno jingine."

Alipokata simu, mumewe alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa amesikia yote.

"Basi mpigie kaka," alisema. "Mwambie siji."

Mama Usafi akampa simu mkononi.

"Mpigie wewe. Nataka nikusikie ukisema."