Taa ya Amba Mata

Kila asubuhi ya Navratri, yaani zile siku tisa ambazo Wahindu humsifu mungu wa kike Amba Mata, Hansa alioga mapema, akasokota utambi wa pamba na kumpelekea mama yake. Mama aliongeza samli katika taa ya udongo mbele ya picha ya Mata. Kisha Hansa alifagia baraza ya duka lao la vitambaa. Ndivyo siku zilivyoanza kwao Élisabethville, huko Kongo, mwaka wa 1938.

Mwaka ule mdogo wake, Kanu, alikuwa mgonjwa. Sikio lilimuuma, likatoa usaha, homa ikapanda. Baba alikuwa mbali, mji wa Sakania, kufuata mizigo. Basi mama akaweka nadhiri: hatatia chakula kinywani, na taa haitazimika hata mara moja mpaka sikukuu iishe, ili Mata amponye Kanu.

"Kaa hapa uiangalie taa," alimwambia Hansa alasiri moja. "Mimi nakwenda kumlaza ndugu yako. Usiondoke."

Hansa akakaa. Lakini nje Chola, binti wa jirani, alikuwa akiruka kamba na wenzake. "Hansa, kuya! Kidogo tu!" alimwita aje. Haya, mtoto ni mtoto. Alitoka, akaruka, akanogewa, akasahau. Upepo ukaingia dirishani. Aliporudi, utambi ulikuwa ukitoa moshi mtupu.

Akachukua kiberiti, akauwasha tena, akaketi mahali pake.

"Taa inawaka vizuri?" mama aliuliza alipoingia.

"Ndiyo, Ba." Ndivyo alivyomwita mama yake kwa Kigujarati.

Kesho yake Kanu alizidiwa. Albertine, mama yake Chola, alikuja kumjulia hali, akamgusa paji la uso, kisha nyuma ya masikio.

"Mama Kanu, uyu mutoto anaungua na moto. Ona nyuma ya matwi yake, inavimba. Tumupeleke ku lopitali leo."

"Hapana, Mama Chola," mama alijibu. Sauti yake ilikuwa hafifu kwa njaa. "Taa ya Mata haiyazimika. Kama iko inawaka, mutoto atapona."

Hansa alisimama mlangoni akisikia. Masikini mama wa watu, aliitegemea taa ambayo ilikwisha zimika! Akisema, atamvunja moyo mama yake. Akinyamaza, Kanu atakufa. Na ndani kabisa aliamini kwamba Mata ameona kila kitu, na sasa anamchukua Kanu kwa sababu ya kosa la Hansa. Chakula kilimshinda. Aliogopa hata kuitazama ile picha. Alitamani ugonjwa ule ungempata yeye.

Siku mbili zikapita hivyo. Asubuhi iliyofuata Kanu hakufungua macho. Walimwita, wakamtikisa, hakujibu. Hapo Hansa akaanguka miguuni pa mama yake.

"Ba, taa ilizimika. Nilikwenda kuruka kamba. Niliiwasha mwenyewe kwa kiberiti. Mimi ndiye ninayemuua Kanu."

Mama aliitazama taa, akamtazama Hansa. Hakumpiga wala kumkemea. Alimfunga Kanu mgongoni kwa kitambaa, akamwita Albertine, wakakimbia hospitali.

Daktari alimpasua nyuma ya sikio siku ile ile. Homa ilishuka, Kanu akapona. Lakini ugonjwa ulikuwa umeingia hadi kichwani, ukaharibu masikio yote mawili. Kama angeletwa mapema, daktari alisema, huenda masikio yangenusurika.

Siku Kanu aliporudi nyumbani, Hansa alimwita kutoka nyuma. Hakugeuka. Akamwita tena kwa nguvu. Kanu aliendelea kuchezea vifungo vya nguo vya dukani. Hansa akaketi sakafuni, akalia. Mama akaketi chini kando yake.

"Nisikilize, mwanangu. Mata ni mama, na mama hamwadhibu mtoto kwa sababu ya utambi. Mimi niliifanya taa kuwa daktari. Hilo ni kosa langu, nami nitalibeba. Kosa lako ni kunificha. Ungeniambia siku ile ile, ningekugombeza, ningelia, lakini ningempeleka Kanu hospitali. Usinifiche ukweli tena, hata ukijua utaniumiza. Na ugonjwa ukiingia humu ndani, tutasali njiani, tukienda hospitali."

Alimfuta machozi kwa ncha ya sari.

"Sasa nenda ukasimame mbele ya Kanu akuone, kisha umwite tena."