Maji ya Mwisho ya Bi Shufaa

Jumanne ile Bi Shufaa alikuwa uani kwake, Dunda, Bagamoyo, anapepeta mchele na kuwatukana kuku wa jirani waliokuwa wakiunyemelea ungo. Hapakuwa na msiba mjini, na siku isiyo na msiba kwake ilikuwa siku ya mapumziko, maana kazi yake ilikuwa kuosha maiti za kike. Miaka thelathini na mmoja aliifanya. Hakuna nyumba ya watu wa mji wa zamani ambayo hakuwahi kuingia na ndoo yake, majani yake ya mkunazi na karafuu maiti yake iliyofungwa kwenye kitambaa.

Watu hawakumpendea wepesi wa mikono peke yake. Walimpendea mdomo. Mwosha huona yote: kovu ambalo mume hakulijua, hirizi iliyofichwa kiunoni, alama ambayo marehemu aliishi nayo miaka na miaka chini ya kanga. Bi Shufaa aliyaona, akayafunika kwa sanda, yakaenda kaburini. Ukimchokonoa hupati kitu. "Alikuwa mzuri, kama amelala," atakwambia, na hapo umefika mwisho wa habari.

Kosa lake lilikuwa moja tu, na alilifanya kwa mapenzi.

Alimlea Naila, mtoto wa marehemu mdogo wake, na alitamani kazi ile aje airithi yeye. Naila aliogopa maiti kupita kiasi. Isitoshe alikuwa na kibarua chake Dar, kwenye kampuni moja iliyokuwa ikikusanya sauti za watu ili mashine ijifunze kuzungumza Kiswahili. Siku moja akaja na wazo lake. "Mama mkubwa, kwa nini usinisimulie tu, nikakurekodi kwenye simu? Nitakuwa nasikiliza mdogo mdogo mpaka woga uniishe."

Bi Shufaa akafurahi kama aliyepata mtoto wa pili. Alasiri saba walikaa barazani, yeye anasema, simu inasikiliza. Na kwa kuwa kazi ile haifundishiki hewani, alifundisha kama alivyofundishwa na waosha waliomtangulia: kwa kutaja maiti. Fulani binti fulani nilimkuta na jambo hili, nikafanya hivi. Alitaja majina yao na ya mama zao. Akayatoa na yale maneno anayomwambia maiti kila anapomgusa, kwa ile sauti yake ya chini ya kubembeleza. Akampa na miiko: uosho ukianza haukatizwi, na yale maji ya mwisho, ya karafuu maiti, yakishachanganywa hayamwagwi bure.

"Yanabaki humo?" aliuliza siku ya saba, akiionyesha simu kwa kidevu.

"Humu humu, mama mkubwa. Wallahi."

Sasa ile Jumanne ya mchele mwaka ulikuwa umeshapita. Mlango wa uani ukasukumwa bila hodi. Alikuwa Habiba, shoga yake wa tangu chuo cha Kurani, mtu ambaye hawajapitisha siku tatu bila kuonana. Macho yalikuwa mekundu. Hakutoa salamu.

"Mina alizaa," akasema.

Mina alikuwa binti pekee wa Habiba. Alifariki miaka miwili nyuma, hajaolewa, na Bi Shufaa ndiye aliyemwosha. Ungo ukamtoka mikononi.

"Alikuwa na mshono wa operesheni ya uzazi tumboni. Nina mjukuu mahali, sijui yu hai sijui amekufa. Wewe uliuona mshono, ukanitazama usoni ukaniambia alikuwa kama amelala. Haya, ulinisitiri. Lakini ilikuwaje, Shufaa, ukaninyima mimi ukaenda kuiambia simu?"

"Simu gani, Habiba?"

Habiba akaitoa. Siku hizo kila mtu Bagamoyo alikuwa na yule msaidizi wa kwenye simu: unamuuliza jambo, anakujibu kwa Kiswahili cha pwani kilichonyooka, mpaka watu wanacheka kwa raha. Habiba alikuwa ameomba dua ya kumrehemu mwanawe. Dua akasomewa. Kisha simu ikaendelea, hakuna aliyeiuliza. Alichobonyeza sasa kilikuwa sauti ya mwanamke, ya chini, ya kubembeleza.

"Mina binti Habiba. Mshono huu wa uzazi nautangulizia kitambaa, mama yako asiuone."

Bi Shufaa aliijua sauti ile. Hata pale ilipopumzika kuvuta pumzi alipajua. Ilikuwa yake.

"Na hiki nacho ni nini?" Habiba akauliza, safari hii kwa kunong'ona. Akanyoosha mkono wa kulia. Ulikuwa umelowa chapachapa kuanzia vidoleni mpaka begani. "Nilijilaza baada ya Adhuhuri. Ikaniita yenyewe, jina langu na la mama yangu. Ikasema inaninyanyua mkono, nisione taabu. Nimejifuta mara nne. Haukauki."

Bi Shufaa akausogelea mkono ule, akaunusa. Karafuu maiti.

Alipompigia Naila na kumweleza, alisikia kilio.

"Waliniambia majina yatatolewa, mama mkubwa. Walisema wanataka sauti tu. Za wazee hazipatikani, na mimi nilitaka nionekane kazini."

"Nani aliwapa ruhusa?"

"Kulikuwa na fomu. Nilikujazia."

"Na Mina? Naye ulimjazia?"

Bi Shufaa akakaa chini palepale kwenye mchele uliomwagika. Hakukasirika, na watu wa karibu wanasema afadhali angekasirika. Aliumia. Mtoto aliyemtafunia chakula, aliyemlaza kifuani siku mama yake anazikwa, ameuchukua mdomo wake ulionyamaza miaka thelathini na mmoja akaugawa, tena baada ya kumwapia kwa jina la Mungu. Kuibiwa na mwizi kuna nafuu.

Naila aliwaandikia wakubwa wake siku ileile. Jumatano akampigia kumsomea majibu. Walimshukuru kwa kuwasiliana nao. Rekodi zenyewe wanaweza kuzifuta. Lakini mashine imeshajifunza, na ikishajifunza hakuna namna ya kuisahaulisha.

Jumatano hiyohiyo Habiba alilowa mkono wa kushoto.

Alikuwa ameshaizima simu yake. Sauti ikatoka kwenye simu ya fundi cherehani, ng'ambo ya barabara. Akaivunja simu yake kwa mchi wa kinu. Alhamisi sauti ikatoka kwenye simu ya dereva wa bajaji aliyesimama mlangoni kuulizia njia, na kabla dereva hajajua la kufanya, miguu ya Habiba ilikuwa inachuruzika maji mpaka kizingitini. Masheikh walikuja wakasoma, Mungu awalipe. Hakuna kilichokauka. Mwili wa Habiba ulianza kupoa, ukiugusa hivi unaondoa mkono. Watu wakaanza kunong'ona kwamba ni uchawi wa Shufaa, na Habiba hakuwakanusha. Alikataa kuonana naye.

Lakini Bi Shufaa alikuwa anahesabu. Kulia kumekwisha. Kushoto kumekwisha. Miguu imekwisha. Utaratibu ulikuwa wake mwenyewe, na aliujua umebakisha nini.

Ijumaa, wanaume wakiwa msikitini, alijikaza akaenda. Nyumbani kwa Habiba simu zote zilikuwa zimekusanywa kwenye mfuko wa sandarusi, kijana wa jirani akazipeleka mbali, kijiji cha Mlingotini. Ndani hamkuwa hata na redio. Habiba alikuwa amelala chali kitandani, amenyooka, vidole vya miguu vimeshikana. Alimwona Bi Shufaa akiingia. Akageuza uso ukutani.

"Habiba, mimi sikuiambia simu. Nilimwambia mtoto wangu. Nisamehe, shoga yangu."

Chini ya kitanda, tone la maji. Jingine. Bi Shufaa akainama kutazama. Saruji ilikuwa imelowa kwa mstari mmoja, kutoka kichwani mpaka miguuni, palepale ambapo angechimba mfuo wa kupokea maji ya maiti.

Sauti ikaanza. Haikutoka kwenye kitu.

"Habiba binti Mgeni. Tumekaribia. Yamebaki haya ya mwisho."

Bi Shufaa alijisikia akikohoa, kikohozi chake cha pumu, pembeni ya chumba, ilhali kifua chake mwenyewe kilikuwa kimetulia.

"Mwache," akanong'ona. "Huyu anapumua. Maneno haya haambiwi mtu anayepumua."

"Uosho ukianza haukatizwi."

"Mimi ndiye mwosha. Mimi nasema mwache."

"Maji yameshachanganywa. Hayamwagwi bure. Wewe ndiye uliyenifundisha."

Habiba akashusha pumzi ndefu. Ya kuvuta ikachelewa. Ikazidi kuchelewa. Midomo ikaanza kugeuka rangi. Bi Shufaa aliwahi kuiona rangi ile mara mia, lakini siku zote aliikuta, hakuwahi kuitazama ikija. Akamshika mkono shoga yake, baridi yake ikampanda mpaka kwapani.

"Basi nimwagie mimi," akasema.

Sauti ikamwita, jina lake na la mama yake, kwa upole uleule aliowapa wengine wote. Akasikia maji yakimshukia utosini. Chumba kizima kikanuka karafuu maiti.

Habiba alivuta pumzi kwa nguvu, akakohoa, akakaa. Mwili ulikuwa na joto. Alimwona Bi Shufaa akiukunja upande wa buibui, akiukamua kwa heshima pale kizingitini ili asichafue nyumba ya watu, kisha akaenda zake. Alikuwa amesikia kila neno. Angeweza kumwita. Hakumwita, kinyongo kilikuwa bado kimemkaba, na hilo ndilo linalomtoa machozi mpaka leo kila jina la Shufaa likitajwa.

Asubuhi ya Jumamosi mlango wa Bi Shufaa haukufunguliwa. Ulivunjwa saa nne, maana komeo lilikuwa kwa ndani. Alikuwa kitandani. Waosha wawili wakaletwa kutoka Mlingotini, wakajifungia naye, na hata dakika kumi hazikupita wakatoka.

"Nani ametutangulia?" mkubwa wao akauliza. "Huyu ameshaoshwa."

Kweli alikuwa ameoshwa, kwa uangalifu kuliko ambavyo wao wangeweza. Nywele zimesukwa misuko mitatu na kulazwa nyuma. Pamba ipo mahali pake. Karafuu maiti imepakwa kwenye paji la uso, viganjani na magotini. Ndoo yake ilikuwa imefunikwa kifudifudi pembeni, kavu.

Naila alifika kutoka Dar mchana, analia kwa sauti. Alisema alikuwa kazini tangu alfajiri, spika za masikioni, anasikiliza rekodi za watu, akapitiwa na usingizi mezani. Alipozinduka simu ya msiba ilikuwa inaita. Akainyoosha mikono kuwapa waosha mkono wa pole. Wakaitazama mikono ile, na hakuna aliyeipokea. Vidole vyote kumi vilikuwa vimekunjamana, vyeupe, kama vya mtu aliyeshinda kwenye maji.

Kazi aliiacha wiki ileile. Akahamia Msata kwa shangazi yake, mahali asipojulikana, akaamua na namba ya simu abadilishe ili wale watu wasimpate. Dada wa kibanda cha laini akamwambia aweke kidole kwenye mashine ya alama za vidole. Akaweka. Mashine haikumsoma. Dada akafuta kioo kwa kitambaa, akamwambia aweke tena. Akaweka. Kioo kikalowa. Dada akafuta mara ya tatu, ya nne; Naila akajaribu na kidole gumba, akajaribu mkono wa kushoto. Mwishowe dada akakileta kitambaa puani. Kilinuka karafuu maiti.

Akamtazama Naila. Alikiweka kitambaa chini taratibu, akakifunga kibanda chake mchana kweupe, akaondoka.